Betri iliyokwisha ni jukumu la nani? Ufafanuzi kwa mkazi wa Japani

Mtu anayehamia Japani, siku anapojiandikisha katika ofisi ya jiji au ya kata, kwa kawaida huondoka na ratiba ya taka mkononi: siku za taka zinazoungua, siku za zisizoungua, siku za chupa na makopo, siku za plastiki. Baada ya miezi michache ratiba hiyo humkaa kichwani. Kisha mawe ya rimoti yanakwisha nguvu, saa ya ukutani inasimama, pawabenki inaanza kuvimba ndani ya droo, naye anaporudi kwenye ratiba anakuta kwamba betri ama hazikutajwa, ama zimetajwa kwa mstari mmoja wa herufi ndogo, ama zimeandikwa kuwa hazipokelewi, bila maelezo ya mahali pa kuzipeleka. Hapo wengi hufanya moja kati ya mawili: huzirundika ndani ya mfuko kwa miaka, au huzipenyeza katikati ya taka za jikoni na kuomba zisionekane. Yote mawili yana hatari, na la pili limekwisha kuunguza magari na mitambo.

Mkanganyiko huo hautokani na uzembe wa maofisa. Unatokana na jambo moja ambalo likieleweka mengine hunyooka yenyewe: nchini Japani hakuna mamlaka moja inayoshughulikia kila betri iliyokwisha. Betri za tochi ni jukumu la manispaa, betri ndogo za saa ni jukumu la chama cha watengenezaji, betri za kuchaji ni jukumu la chama kingine cha watengenezaji, na betri ya gari hurudi kwa muuzaji. Kwa hiyo swali la kwanza la mkazi si siku gani aitoe nje, bali betri aliyoishika ni ya aina gani, na aina hiyo iko mikononi mwa nani.

Tuanze na manispaa, kwa kuwa ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Sheria ya taka ya mwaka 1970 iliziachia manispaa kazi ya kukusanya na kuteketeza taka za majumbani, na manispaa hizo, pamoja na kata maalumu 23 za Tokyo, zinapita 1,700. Kila moja ina matanuri yake au mkataba wake na majirani, ina bajeti yake, na hivyo ina kanuni zake. Yokohama hutaka betri kavu ziwekwe katika mfuko unaoonyesha vilivyomo na kutolewa siku ileile ya taka zinazoungua, ila zikae mbali na mfuko wa taka hizo. Osaka huzipokea katika visanduku vilivyowekwa kwenye ofisi za kata na vituo vingine vya umma. Zipo manispaa zinazoziweka katika fungu la taka zisizoungua, na zipo zinazozitengea siku moja tu kwa mwezi chini ya jina la taka zenye madhara. Katika mji mdogo wa Kamikatsu, mkoani Tokushima, hakuna kabisa gari la taka linalopita majumbani. Wakazi wenyewe hupeleka taka kituoni na kuzigawa katika mafungu zaidi ya 40. Ndiyo maana ushauri wa rafiki anayeishi kituo cha tatu cha treni kutoka kwako, hata akiwa amekaa Japani miaka ishirini, unaweza kuwa sahihi kwake na kosa kwako.

Betri zinazohusika hapa ni zile za duara ndefu ambazo wengi wetu tumezoea kuziita mawe ya tochi au ya redio. Kwa Kijapani huitwa kandenchi, na ukubwa wake hutajwa kwa namba: tan-ichi ndiyo kubwa ya tochi nene, tan-ni inafuata, tan-san ndiyo ile ya rimoti nyingi, na tan-yon ni nyembamba zaidi. Ziwe za alkali au za manganizi, njia yake ni moja. Katika ratiba ya taka, mkazi atafute neno kandenchi, kisha aangalie limewekwa chini ya fungu lipi: moenai gomi ni taka zisizoungua, yuugai gomi ni taka zenye madhara, kiken gomi ni taka za hatari, na shigen gomi ni taka zinazorudishwa viwandani. Maneno haya manne yanatosha kuisoma ratiba karibu yoyote, na ni muhimu kuyajua kwa sababu vijitabu vya maelekezo hutafsiriwa katika Kiingereza, Kichina, Kikorea, Kireno au Kivietinamu, lakini mara chache sana katika lugha nyingine.

Huenda mtu akauliza kwa nini kitu kidogo kama jiwe la rimoti kiitwe taka yenye madhara. Jibu limo katika historia ya zebaki, na Japani inaijua zebaki kuliko nchi nyingi. Ugonjwa wa Minamata, uliotambuliwa rasmi mwaka 1956, uliwapata watu wa pwani ya Kumamoto waliokula samaki wenye zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda cha kemikali. Uliua watu na kuwaachia wengine ulemavu wa maisha. Betri kavu nazo, kwa miongo mingi, zilitiwa zebaki kidogo ili zinki iliyomo ndani isiliwe na kutoa gesi. Katika miaka ya 1980 Wajapani walianza kuhoji nini kinatokea betri hizo zinapochomwa pamoja na taka nyingine, maana nchi hii huteketeza kwa moto sehemu kubwa ya taka zake, na zebaki katika moto hugeuka mvuke ukapanda na moshi. Shinikizo hilo lilizaa matunda: betri za manganizi zinazotengenezwa Japani ziliacha zebaki mwaka 1991, na za alkali mwaka 1992. Hata hivyo manispaa nyingi hazikufuta fungu lile la taka zenye madhara, na kwa maoni yangu zilifanya vyema. Betri za zamani bado zinatoka kwenye makabati ya wazee waliofariki, na betri zilizoagizwa kutoka nje hazikufuata kalenda ya Japani. Mwaka 2010 baadhi ya matanuri ya Tokyo yalilazimika kuzimwa baada ya zebaki iliyotupwa kinyume cha utaratibu kuonekana katika moshi wake, ishara kwamba tatizo hilo halijazikwa. Mkataba wa kimataifa unaodhibiti madini hayo, uliopitishwa Kumamoto mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, umepewa jina la Minamata.

Betri zinazokusanywa na manispaa nyingi husafirishwa hadi Itomuka, katika jiji la Kitami kisiwani Hokkaido. Mahali hapo palikuwa mgodi wa zebaki, na ulipofungwa katika miaka ya 1970 ujuzi wa wachimbaji haukupotea: mitambo iliyokuwa ikitoa zebaki kutoka kwenye mawe ya mlimani iligeuziwa kazi ya kuitoa kutoka kwenye taka. Betri hupashwa moto katika tanuri lililofungwa, mvuke wa zebaki ukapoozwa na kukusanywa, chuma kikatengwa, na unga wa zinki na manganizi uliobaki ukatumika tena viwandani. Kwa hiyo jiwe la rimoti lililowekwa nje siku yake linaweza kusafiri kilomita nyingi kuliko aliyelinunua.

Kabla halijatoka nje, hata hivyo, kuna kazi moja ndogo ambayo watu huipuuza. Betri iliyoshindwa kuendesha saa bado ina umeme. Ncha zake zikigusana na za betri nyingine, au na kipande cha chuma ndani ya mfuko, shoti hutokea, joto hupanda, na karatasi au vumbi lililo karibu linaweza kushika moto. Betri ya mraba ya volti 9 ndiyo mbaya zaidi kwa kuwa ncha zake mbili zipo upande mmoja, zikiwa karibu sana, hivyo kipande chochote cha chuma kinaweza kuziunganisha. Kinga yake ni kubandika seloteki au tepu ya umeme juu ya ncha zote mbili, chanya na hasi, pale betri inapotolewa kwenye kifaa, bila kusubiri siku ya kuitupa. Wajapani huita kazi hiyo zetsuen, na neno hilo likionekana kwenye tangazo la visanduku vya kukusanyia, linachotaka ni hiyo tepu.

Betri bapa za duara ndizo zinazokanganya wengi, kwa sababu mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na njia mbili tofauti. Cha kutazama ni herufi zilizochorwa mgongoni. Zikianza na SR, LR au PR, hiyo ni botan denchi, betri ya kifungo, inayotumika katika saa za mkononi, vidude vya kuchezea na vifaa vya kusaidia kusikia. Aina hizo zimewahi kuwa na zebaki, na hata leo Chama cha Betri cha Japani, ambacho ni chama cha watengenezaji, huzikusanya chenyewe kupitia makopo maalumu yaliyowekwa katika maduka ya umeme, ya saa na ya vifaa vya masikio. Zikianza na CR au BR, hiyo ni betri ya sarafu ya lithiamu, ile ya funguo za gari, mizani ya jikoni na rimoti nyembamba. Chama hicho hakiihitaji. Hiyo hurudi kwa manispaa, mara nyingi katika fungu lilelile la betri kavu, ikiwa imefunikwa kwa tepu pande zote mbili.

Nyumba yenye mtoto mdogo inahitaji uangalifu wa ziada katika siku za kusubiri. Betri ya sarafu iliyomezwa na kukwama kooni haiishii kukaa kama punje ya mahindi. Umeme uliobaki ndani yake huunguza nyama laini ya umio, na jeraha baya linaweza kutokea ndani ya saa mbili. Tepu inapunguza hatari, lakini mahali pake ni juu ya kabati, ndani ya chombo chenye kifuniko kigumu. Mzazi akishuku tu kwamba mtoto amemeza, apige 119, namba ya dharura ya gari la wagonjwa, mara moja na ataje kwamba ni betri.

Sasa tufike kwenye betri za kuchaji, ambako ndiko kuna fundo lenyewe. Sheria ya kuhimiza matumizi bora ya rasilimali iliwawajibisha watengenezaji, kuanzia mwaka 2001, kuzikusanya na kuzirudisha viwandani betri ndogo za kuchaji: za nikeli na kadimiamu, za nikeli na haidraidi, za ayoni za lithiamu, na zile ndogo za risasi zilizozibwa. Kampuni ziliunda chama cha pamoja kinachojulikana kwa herufi JBRC, na chama hicho kimeweka masanduku katika maduka makubwa ya umeme, maduka ya vifaa vya ujenzi na baadhi ya ofisi za manispaa. Betri inayostahili huwa na alama ya mishale mitatu inayozungukana, na rangi ya alama hutaja aina: bluu kwa ayoni za lithiamu, machungwa kwa nikeli na haidraidi, na kijani cha majani machanga kwa nikeli na kadimiamu. Mtu huifunika ncha zake kwa tepu na kuikabidhi dukani bila malipo, hata kama hakuinunulia hapo.

Sababu ya watengenezaji kuzitaka betri hizo si usafi pekee. Ndani yake mna nikeli na kobalti, na Japani haina migodi ya kujitosheleza kwa madini hayo. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kutoka migodi inayozunguka Kolwezi na miji ya jirani, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya mgodini. Msomaji wa Lubumbashi anayeishi Nagoya ana haki ya kujua kwamba kilichomo ndani ya simu yake mbovu huenda kilipita mikononi mwa watu wa kwao, na baadhi yao walikichimba kwa mikono, kwa ujira mdogo na bila kinga. Kukiacha kiteketee ndani ya lori la taka ni kuidharau jasho hilo.

Fundo lipo hapa: chama cha JBRC hupokea betri za kampuni wanachama wake tu. Hakipokei iliyovimba, iliyopasuka, iliyovuliwa ganda lake, wala isiyojulikana imetengenezwa na nani. Na pawabenki za bei nafuu zinazonunuliwa mtandaoni, ambazo ndizo huvimba mapema, mara nyingi ndizo zisizo na jina la kampuni mwanachama. Kwa miaka mingi mwenye kifaa cha namna hiyo alijikuta kati ya milango miwili iliyofungwa: duka likimwambia aulize manispaa, na manispaa ikimwambia arudishe dukani. Siwezi kumlaumu mkazi aliyekata tamaa katika hali hiyo, ingawa alichofanya baadaye kilikuwa hatari kubwa.

Hatari yenyewe inaeleweka vizuri zaidi mtu akijua kilichomo ndani. Katika betri ya lithiamu, upande chanya na upande hasi umetenganishwa na utando mwembamba kuliko unywele, na kati yake mna kimiminika kinachoshika moto upesi. Gari la taka la Japani lina bamba la chuma linalokandamiza mifuko ili iingie mingi. Bamba likiigandamiza pawabenki, utando huchanika, pande mbili hugusana, joto huzaa joto jingine, na ndani ya sekunde moto huanza katikati ya karatasi na plastiki, mbele ya wafanyakazi walioshikilia mlango wa nyuma. Gari likiepuka, hatari husogea hadi kwenye mashine za kusaga kituoni. Matukio ya moto na moshi wa namna hii huhesabiwa kwa maelfu kila mwaka nchini. Desemba 2024 kituo cha taka cha Moriya, mkoani Ibaraki, kiliungua kwa hasara ya mabilioni ya yeni, na Januari 2025 moto mwingine ulikikumba kituo cha Kawaguchi, mkoani Saitama, hata ukusanyaji wa taka zinazoungua ukasitishwa kwa muda mjini humo. Katika visa vyote viwili betri za lithiamu ndizo zilizoshukiwa.

Baada ya hayo, Aprili 2025 Wizara ya Mazingira iliziandikia manispaa zote ikizitaka ziweke njia ya kukusanya betri za lithiamu za majumbani, zikiwemo zilizovimba na zilizoharibika, badala ya kuwategemea watengenezaji pekee. Agizo hilo ndilo mabadiliko makubwa zaidi katika suala hili kwa miaka ya karibuni, na maana yake kwa mkazi ni kwamba ratiba ya taka ya mwaka 2023 iliyobandikwa kwenye friji huenda haisemi kweli tena. Kasi ya manispaa inatofautiana: nyingine zimeongeza siku ya kukusanya, nyingine zimeweka masanduku, nyingine zinamtaka mtu aje mwenyewe dirishani na betri yake mkononi. Simu moja kwa idara ya taka ndiyo njia ya uhakika. Sentensi inayotosha ni hii: kono denchi wa doko ni daseba ii desu ka, yaani betri hii niitoe wapi. Kama imevimba, useme fukurande imasu. Wakati wa kusubiri jibu, isichajiwe, isitobolewe wala kubonyezwa, na iwekwe ndani ya kopo la chuma mbali na mapazia na jua.

Vifaa ambavyo betri yake haitoki, kama mashine za kunyolea, miswaki ya umeme, feni za mkononi, visikilizio visivyo na waya na sigara za kielektroniki, visibomolewe kwa bisibisi. Tumia umeme wake hadi uishe, kisha ukipeleke kifaa kizima. Tangu Aprili 2013 Japani ina sheria ya kurudisha viwandani vifaa vidogo vya umeme, na manispaa nyingi zina masanduku yake katika ofisi na maduka makubwa, japo baadhi hukataa vyenye betri ya ndani na kuvitaka dirishani. Medali zote takriban 5,000 za michezo ya Tokyo 2020 zilitengenezwa kwa dhahabu, fedha na shaba iliyotolewa katika vifaa vya namna hii vilivyokusanywa kwa wananchi kati ya 2017 na 2019. Simu ya mkononi ina njia rahisi zaidi: maduka ya kampuni za simu huzipokea bila kujali ni ya kampuni gani. Kompyuta hurudi kwa mtengenezaji wake. Betri ya gari au pikipiki haipokelewi na manispaa kwa kawaida. Hiyo ipelekwe kwa muuzaji wa vipuri, gereji au kituo cha mafuta.

Mfuko uliokosea hauchukuliwi. Huachwa palepale ukiwa umebandikwa karatasi ya onyo, na mara nyingi ni majirani wa chama cha mtaa wanaobaki kuufungua na kuupanga upya. Kutupa porini au mtoni ni kosa la jinai, lenye adhabu ya hadi miaka mitano jela au faini ya hadi yeni milioni 10.

Anayejiandaa kuondoka Japani anahitaji kuanza mapema, kwa sababu siku ya betri inaweza kuwa moja tu kwa mwezi. Pawabenki nzima haipandi ndege katika sanduku la mizigo. Hubebwa mkononi, na tangu Julai 2025 abiria wa ndege za Japani huombwa wasiiweke kwenye kabati la juu bali wakae nayo mahali wanapoiona. Iliyovimba isisafirishwe kabisa. Hiyo ibaki Japani, ikabidhiwe kwenye dirisha la manispaa, na dirisha hilo hufungwa mwishoni mwa wiki na kwa siku kadhaa za mwaka mpya, wakati ambao wanafunzi na wafanyakazi wengi ndipo wanapofunga mizigo.